Nani Ndiye Mwuaji?

Mara nyingi twasikia habari ya mwizi aliyekamatwa, akapigwa na umati hata akafa. Tukiuliza ni nani aliyemwua, twajibiwa, "Wananchi wenye hasira." Na kila mmoja kwa upande wake husema, "Nilirusha jiwe moja tu, wala sikukusudia afe." Yafaa basi tujifunze maana ya neno hili, uuaji.

Tutazame kwanza sheria ya Tanzania. Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 196, yahesabu kuwa mwuaji yeyote asababishaye kifo cha mwenziwe kwa tendo lisilo halali na kwa dhamira ovu. Dhamira hiyo si lazima iwe nia ya kuua. Kwa kifungu cha 200, yatosha kutaka kumdhuru mtu vibaya, au kujua kwamba tendo lile laelekea kumwua. Nacho kifungu cha 23 huwatia hatiani wote walioshirikiana katika kusudi moja ovu. Basi lile jiwe moja halimwokoi aliyelirusha.

Ni kweli, sheria hujua udhaifu wa binadamu. Mwaka 1941 Mahakama ya Rufani ya Afrika ya Mashariki ilisikiliza shauri kutoka Uganda, la watu waliomwua mtu waliyemkuta usiku akitambaa uchi uani, wakamdhania mchawi. Mahakama iliona kwamba walichokozwa kwa ghafula, ikawahukumu kwa kosa la kuua bila kukusudia. Lakini tuangalie vema: hatia ilipunguzwa, haikufutwa.

Kanisa nalo hufundisha kwamba mtu aweza kujilinda anaposhambuliwa, ila kwa nguvu ya kadiri. Mwizi aliyekwisha kufungwa kamba amshambulia nani? Tena Katekisimu, namba 2268, haimlaumu mwuaji peke yake, bali na kila ashirikiye kwa hiari yake. Aliyeleta petroli, aliyepiga kelele za kuchochea, wote wana sehemu yao katika damu ile. Nao wathubutuje kukaribia meza ya Bwana Jumapili pasipo kutubu, kana kwamba hapakutokea neno?

Enyi wazazi, wafundisheni wana wenu Amri ya Tano kwa matendo. Yowe la mwizi likisikika, tokeni. Mkamateni, mpelekeni polisi. Na mawe yakianza kuokotwa, Mkristo na asimame kati ya mawe na mtu yule.