Mama ametoka hospitali: maisha baada ya kansere ya titi

Wafanyakazi, na ninyi wake na watoto wao, katika ukurasa huu tumezoea kuzungumza juu ya kofia ngumu, vumbi la mwamba na vidole vilivyobanwa na mashine. Mara hii tunaingia nyumbani. Somo letu ni juu ya mwanamke aliyeugua kansere ya titi, ile ambayo wengine huiita saratani, akakatwa, akatibiwa kwa dawa, kisha akarudi kwake.

Wengi hudhani kwamba siku ya kutoka hospitali ndiyo siku ya mwisho ya ugonjwa. Majirani huja na kuku, huimba, huomba, huenda zao. Kesho yake mama yuko peke yake na kovu lake. Hapo kazi nyingine inaanza, na kazi hiyo haiwezi kuachiwa daktari.

Tumfikirie mama mmoja wa Bulengera, mke wa mchimbaji. Ameondolewa titi la kushoto. Bwana wake hulala akielekea ukutani kwa kuogopa kumuumiza. Yeye anaona kwamba amechukiwa. Mtoto mdogo akitaka kumlalia kifuani, shangazi humvuta: “Mwache mama yako apumzike.” Sokoni anajifunga kitenge mpaka shingoni hata jua likiwa kali. Korali ameiacha, kwa sababu sare yao inabana kifua. Hakuna aliyemtukana. Lakini kidogo kidogo ametolewa kila mahali alipokuwa na nafasi yake.

Jambo la kwanza la kujua ni kwamba mama huyu ana msiba. Kwetu mtu akifiwa, watu huja kuketi naye. Huketi hata kama hawana la kusema. Hakuna anayemwambia mfiwa, “Nyamaza, shukuru kwamba wewe u mzima.” Lakini aliyekatwa titi huambiwa maneno hayo kila siku, tena na watu wanaompenda. Amepoteza kiungo alichonyonyeshea watoto wake, na machozi yake si kukosa imani wala si wazimu. Pengine huja kwa kuchelewa, miezi mingi baada ya kidonda kupona, wakati kila mtu amekwisha kusahau. Aketiwe. Akilia, alie. (Sisi wanaume ni hodari wa kusema “itapita”, kisha tunatafuta kofia na kutoka nje.) Lakini kama majuma yanapita halali, hali, hataki kuona mtu, au anasema kwamba ni heri afe, hiyo si huzuni ya kungojea. Apelekwe kwenye kituo cha afya.

Watu wa Butembo na Beni walipata kujifunza jambo hili kwa njia ngumu. Ebola ilitangazwa Kivu Kaskazini tarehe 1 Agosti 2018, na mwisho wake ukatangazwa tarehe 25 Juni 2020. Ilikuwa imeua watu zaidi ya 2,200, na Beni, Katwa na Butembo ziliumia sana. Jamaa hawakuruhusiwa kuwaosha wafu wao. Waliopona walirudi mitaani wakakuta watu wanawakwepa. Lakini mwili wa aliyepona ulikuwa umepata kinga, kwa hiyo yeye aliweza kumbeba mtoto ambaye mama yake amelazwa, wakati wengine waliogopa. Basi huko Butembo mwaka 2019 waliopona walipewa kazi ya kulea watoto hao. Yule aliyekwepwa akawa ndiye anayehitajiwa.

Sasa tupime. Ebola huambukiza, kansere haiambukizi kamwe, si kwa kulala pamoja, si kwa kula sahani moja, si kwa mtoto kumkumbatia mama. Kama tuliweza kumrudishia nafasi yake mtu aliyepona ebola, tunamnyima kwa sababu gani huyu wa kansere?

Tena aliyepona anajua jambo ambalo daktari halijui. Huko Kampala, ng'ambo ya mpaka wa Kasindi, ambako wagonjwa wengine wa upande wetu hutafuta matibabu ya mionzi, kuna chama kiitwacho UWOCASO, kilichoanzishwa mwaka 2004 na wanawake waliougua kansere ya titi. Mwanamke aliyekatwa juzi anapoketi mbele ya mwenzake aliyekatwa miaka kumi iliyopita, swali linalomtesa usiku limepata jibu kabla halijaulizwa. Kwetu haihitajiki ofisi wala muhuri. Mama wawili wa mtaa mmoja wanatosha kuanza.

Na wakikutana wafanye nini? Kuketi tu na kuongea juu ya ugonjwa huchosha. Mikono ipewe kazi. Katika mji wa Thika, Kenya, wako wanawake waliopona ambao hukutana kwa fundi wa kushona, naye pia ameugua, wakafuma matiti ya uzi wa kuvaa ndani ya sidiria. Yale ya dukani, ya silikoni, bei yake ni kubwa kuwashinda wengi. Wanafuma, wanacheka, mmoja akinyamaza wenzake wanajua sababu. Yule mwenye sauti aimbe. Mwenye kujua kusuka vikapu asuke. Na ile sare ya korali, fundi aipunguzie mbano kifuani, mama arudi mahali pake kwenye mstari.

Sasa tuseme juu ya mkono, kwa maana hapa ajali za nyumbani ni nyingi. Daktari anapoondoa titi, mara nyingi huondoa pia tezi za kwapani zinazosafisha maji ya mwili. Kwa hiyo mkono wa upande ule waweza kuvimba, pengine baada ya miaka. Mama alinde ngozi yake: avae glavu akilima au akishika vyungu vya moto, na mkwaruzo hata mdogo auoshe kwa sabuni mara moja. Mkono ukiwa mwekundu, wa moto, na homa imeingia, aende hospitali siku ile ile.

Lakini kuulinda mkono si kuulaza. Bega lisilotumiwa hukauka. Daktari akiruhusu, asimame mbele ya ukuta kila siku, atambaze vidole kwenda juu, aweke alama ya mkaa pale alipofika. Kesho ajaribu kuipita. Mizigo airudie polepole. Kwenye vilima vyetu mwanamke hubeba kuni na mihogo mgongoni kwa kamba ya kipajini. Katika miezi ya kwanza asifanye hivyo. Bwana, chukudu ipo. Vijana wapo. Dumu la maji halitakupunguzia heshima.

Na wewe bwana, usielekee ukutani. Muulize, “Mama, hapa panauma? Nikushike wapi?” Swali hili ni gumu siku ya kwanza tu. Mjue pia kwamba baada ya kansere ya titi hafai kutumia vidonge au sindano za uzazi zenye homoni. Muulizeni muuguzi juu ya kitanzi cha shaba, ambacho hakina homoni. (Naam, shaba ile ile ichimbwayo Katanga.)

Wengine hupewa vidonge vya tamoxifen vya kumeza kila siku kwa miaka 5, hata 10. Hatari kubwa ni kuviacha kwa sababu “nimepona”. Vikileta joto la ghafula au shida nyingine, amwambie daktari, asivitupe. Tena asishike mimba wakati anavimeza. Titi lililobaki lipimwe kila mwaka, kama kipimo kinapatikana. Uvimbe mpya, kifupa kinachouma bila kukoma, pumzi fupi au kichwa kinachouma siku nyingi, visingojewe. Nanyi wachimbaji msicheke: mgonjwa mmoja hivi kati ya 100 wa kansere ya titi ni mwanamume.

Tumalize kwa kazi ya mikono. Kidonda kikiwa kimepona kabisa, chukua kitambaa laini cha pamba, kata vipande viwili vya duara vyenye ukubwa wa titi lililobaki, shona pembeni, acha mdomo. Jaza pamba safi. Ndani yake, upande wa chini, weka mfuko mdogo wenye mtama mkavu au mchele, ili titi lipate uzito na lisipande juu. Mfuko huo utolewe wakati wa kufua. Funga mdomo kwa vifungo. Ndani ya sidiria shona kijifuko cha kulishikilia. Kisha simama mbele ya kioo pamoja na mwenzako, atazame mabega yako kwa nyuma. Bega la upande uliokatwa likiwa juu kuliko lingine, ongeza mtama.