Tai wa Kaskazini Wakipita Turkana: Namna ya Kuwahesabu Ukiwa Lodwar au Kakuma

Kuanzia katikati ya Septemba hadi mwisho wa Novemba, ndege wawindaji wa Urusi, Kazakhstan na Ulaya ya Mashariki huikimbia baridi na kushuka Afrika. Tai na shakivale, wenye mabawa mapana, hawasafiri kwa kupiga mbawa njia nzima. Hutafuta hewa moto inayopanda kutoka kwenye ardhi iliyochomwa na jua, huzunguka ndani yake mpaka wawe nukta angani, kisha huteleza mbali kwa mbawa zilizotulia hadi wapate hewa nyingine ya kuwapandisha. Baharini hewa hiyo haipatikani. Ndiyo maana huikwepa bahari na kubanana kwenye njia mbili nyembamba: Suez na mlango-bahari wa Bab-el-Mandeb. Shirika la BirdLife International linakadiria kuwa njia hii ya Bonde la Ufa na Bahari ya Shamu hutumiwa na ndege wapaao zaidi ya milioni 1.5, wa spishi 37. Mwaka 1987, waangalizi waliokaa Djibouti walihesabu karibu ndege wawindaji 250,000 katika msimu mmoja tu. Wakishavuka huingia Ethiopia, na ng'ambo ya mpaka wake wa kusini ndiko tuliko sisi, Turkana.

Kuhesabu ndege hawa si mchezo wa watalii. Utafiti uliochapishwa mwaka 2022 ulilinganisha hesabu za barabarani za Kenya za miaka ya 1970 na zile zilizofanywa kuanzia 2003, na kati ya spishi 22 za ndege wawindaji zilizopimwa, 19 zilikuwa zimepungua. Tai wa nyika, *Aquila nipalensis*, ambaye kwake ni nyasi za Urusi na Kazakhstan, aliwekwa mwaka 2015 kwenye orodha ya viumbe vilivyo hatarini kutoweka. Upungufu ule ulionekana kwa sababu moja tu: kuna watu waliohesabu na kuandika miaka ile ya 1970. Pale ambapo hapakuhesabiwa, ndege huisha na hakuna anayeweza kuthibitisha kwamba walikuwepo.

Kenya ina desturi nzuri ya kazi hii. Huko Ngulia, Tsavo Magharibi, ndege wahamaji wamekuwa wakinaswa usiku kwa nyavu, kuvalishwa pete na kuachiliwa tangu 1969. Nairobi, Nature Kenya huwapeleka watu matembezi ya kutazama ndege kila Jumatano asubuhi, desturi iliyoanza 1971. Lakini fungua Ramani ya Ndege wa Kenya kwenye mtandao uone: Nairobi, Naivasha, Mara na Pwani zimejaa rekodi, na ukipanda kuelekea kaskazini-magharibi viboksi vinazidi kuwa vyeupe. Kaunti iliyo mlangoni kabisa mwa Ethiopia ndiyo isiyotazamwa. Wa kuziba pengo hili ni wakazi wa hapa: mwanafunzi, mchungaji, mwendesha boda boda, mwalimu wa Kalobeyei. Mgeni wa siku tatu hawezi.

Mahali na saa

Tafuta mwinuko unaokuonyesha anga la kaskazini na mashariki bila kizuizi. Lodwar imezungukwa na vilima vya mawe, kikiwemo kile chenye sanamu ya Yesu, na kimoja kinakutosha. Kakuma ni tambarare zaidi, lakini hata tuta dogo nje ya miti ya mathenge linasaidia, mradi uione safu ya Pelekech na upeo wa mbali. Usikae ndani ya laga, yaani mkondo mkavu wa mto, hata kama kivuli cha miti yake kinakuita. Laga za Tarach na Kawalase hujazwa na mvua iliyonyesha mbali, na maji hufika huku juu yako jua likiwaka.

Asubuhi mapema ndege hawa huwa bado wamekaa mitini, wakingoja ardhi ipate moto. Huanza kupanda kama saa tatu, na kati ya saa tatu na saa tano ndipo wanapoonekana vizuri, kwa kuwa bado wako chini. Saa sita mchana wanaweza kuwa juu mno kiasi kwamba kwenye anga jeupe la Turkana jicho halishiki kitu. Hapo tazama kwenye kingo za mawingu, maana ndege mweusi huonekana upesi mbele ya wingu kuliko kwenye anga tupu. Kuanzia saa tisa alasiri huanza kushuka tena kutafuta pa kulala.

Angalia upepo pia. Turkana ina upepo wake mashuhuri, unaobanwa kati ya milima ya Ethiopia na nyanda za juu za Kenya na kuvuma kutoka kusini-mashariki, mkali zaidi usiku na alfajiri. Ndege anayetoka kaskazini hukutana nao usoni. Kwa hiyo siku ya upepo mkali usishangae kukosa ndege, na siku ambayo upepo umetulia, au siku mbili tatu baada ya mvua, jiandae. Baada ya mvua ya Oktoba au Novemba kumbikumbi hutoka ardhini, na tai mkubwa mwenye mabawa ya karibu mita mbili hutua chini akatembea kama kuku, akiokota kumbikumbi mmoja mmoja. Ukikuta tai kadhaa wamekaa chini pamoja kwenye uwanda, usiwafukuze ili uwapige picha. Wanajaza matumbo kwa safari ambayo bado ni ndefu.

Nani ni nani

Darubini ya 8x42 inatosha. Ya 10x42 huvuta karibu zaidi, ila hutikisika mikononi. Kama kundi lenu lina darubini moja, anayeona vizuri zaidi aishike kwa nusu saa, kisha ampe mwenzake, maana macho huchoka upesi kwenye mwanga huu.

Anza kwa kuwajua wenyeji, la sivyo utawahesabu kila siku. Mwewe wa mdomo wa njano anayezunguka sokoni na machinjioni, mwenye mkia uliogawanyika kidogo, huyo ni wa hapa au yuko kwenye ziara zake za ndani ya Afrika. Ndugu yake wa Ulaya na Asia ana mdomo mweusi. Tumbusi mdogo mwenye uso wa waridi, anayesubiri mabaki karibu na machinjio, naye ni mwenyeji, na yuko katika daraja la juu kabisa la hatari ya kutoweka duniani. Mpe safu yake kwenye daftari. Yule mwewe mdogo mweupe wa kijivu, mkia mrefu kama wa mbayuwayu, ni fahari ya maeneo makavu kama haya. Wakenya wengi hawajawahi kumwona.

Sasa wageni. Tai wa nyika ni mkubwa na wa rangi ya udongo. Akiwa mchanga ana mstari mpana mweupe unaokata bawa zima upande wa chini, alama inayoonekana hata akiwa mbali. Hufanana sana na tai mwenyeji wa kahawia, ila ukimpata karibu tazama pembe ya mdomo: kwa mgeni, ngozi ya njano hufika hadi nyuma ya jicho, kwa mwenyeji huishia katikati ya jicho. Shakivale wa nyika, *Buteo buteo vulpinus*, ni wa wastani, mabawa mafupi mapana, mkia mfupi, rangi mara nyingi ya kutu, na ukingo wa nyuma wa bawa ni mweusi. Hupita hasa Oktoba na Novemba. Wako pia wale wembamba wanaoruka chini chini juu ya nyasi, mabawa wameyainua mithili ya herufi V. Madume ni ya kijivu, majike ni ya kahawia na yana doa jeupe juu ya mkia. Majike hao ni wagumu hata kwa wabobezi, hivyo andika jenasi tu, *Circus*, usilazimishe. Ukiona kundi la ndege wadogo wenye mabawa yaliyochongoka wakinasa wadudu angani, wengi wao wana migongo ya kutu, yaelekea ni kozi wadogo wanaohama pamoja, *Falco naumanni*.

Nasisitiza hili la kutolazimisha jina. Safu ya "hakutambulika" si aibu. Daftari lenye ndege 40 waliotambuliwa na 25 wasiotambulika linaaminika. Daftari ambalo kila nukta ya angani imepewa jina, mtafiti yeyote atalitilia shaka.

Namna ya kuhesabu

Watu watatu ndio hesabu nzuri: wawili wanatazama, mmoja anaandika. Anayeandika asitazame angani. Chora mstari wa kufikirika kutoka alama moja kwenda nyingine, tuseme kutoka kwenye mnara wa simu hadi ncha ya kilima, na mhesabu ndege pale tu anapouvuka kuelekea kusini. Anayezunguka na kurudi kaskazini hahesabiwi.

Kundi linapozunguka kwenye hewa moto, usijaribu kulihesabu. Wanapishana, wengine wanaingia kutoka chini, na utapotea. Ngoja wafike juu waanze kuteleza mmoja nyuma ya mwingine. Wakati huo wamejipanga kama shanga, na hesabu huwa rahisi. Wakiwa wengi, hesabu kumi, uone kumi hao wanachukua nafasi gani angani, kisha pima kundi zima kwa nafasi hiyo.

Gawanya kazi kwa saa. Kwa kila saa andika upepo unatoka wapi, mawingu ni kiasi gani, mlikuwa watazamaji wangapi, na ndege kwa spishi. Mstari mmoja wa daftari unaweza kusomeka hivi: "9:00–10:00, upepo kusini-mashariki wa wastani, mawingu robo, watazamaji 2, tai wa nyika 4, shakivale 37, *Circus* 1, hawakutambulika 12." Tumia saa za simu, yaani 9:00, wala si saa tatu, kwa kuwa rekodi zitasomwa na watu wasiojua saa zetu, na kosa la saa sita huharibu siku nzima.

Na saa ambayo hakupita hata mmoja, andika 0. Hii ndiyo sehemu ambayo vijana wengi huiruka, na ndiyo inayoipa hesabu thamani. Bila sufuri, hatujui kama ndege hawakuwepo au nyinyi ndio hamkuwepo. Kwa maoni yangu ni bora saa tatu kila Jumamosi, mahali palepale, kwa miaka mitano, kuliko sherehe moja kubwa ya watu hamsini wenye fulana mpya. Batumi, nchini Georgia, watu wa kujitolea walianza kuhesabu kwa utaratibu mwaka 2008. Sasa huhesabu zaidi ya ndege wawindaji milioni moja kila msimu, na dunia inajua hali ya ndege hao kupitia kwao.

Lodwar na Kakuma zikihesabu siku moja, saa zilezile, faida ni kubwa zaidi. Miji hii imeachana kwa kilomita 120 hivi za barabara. Tukiona mamia upande mmoja na wachache upande mwingine, tutaanza kujua kama wanalifuata ziwa, wanaifuata milima, au wametawanyika kote.

Rekodi zitumeni mahali pawili. Programu ya BirdLasser hupeleka orodha kwenye Ramani ya Ndege wa Kenya, ambayo imeigawa nchi katika viboksi vya kilomita 9 kwa 9 hivi. Orodha kamili huhitaji angalau saa mbili ndani ya kiboksi kimoja. eBird nayo hupokea idadi na muda mliotumia. Zote mbili hufanya kazi bila mtandao na kutuma baadaye. Daftari la karatasi msilitupe.

Kabla ya kutoka

Mjulisheni chifu na polisi. Turkana iko mpakani, na mtu mwenye darubini juu ya kilima karibu na uwanja wa ndege atatiliwa shaka, na si kosa la anayeshuku. Aliye mkimbizi achague mahali ndani ya kambi au Kalobeyei ambapo hahitaji kibali cha safari. Hesabu ya hapo ina uzito uleule. Bebeni maji ya kutosha, kofia na viatu vilivyofunika miguu, na pindueni jiwe kabla ya kulikalia, maana nge hupenda kivuli kama nyinyi.

Ketini na wazee wachungaji pia. Wao hujua tai hulala kwenye miti ipi na ni mwaka gani walipungua, na hujua kama kuna mtu anayeweka sumu kwenye mzoga ili kuua fisi. Sumu hiyo haimchagui fisi peke yake. Tumbusi na tai hufika kwanza, na mzoga mmoja unaweza kuua makumi. Ukikuta ndege wamekufa pamoja karibu na mzoga, usiwaguse kwa mikono mitupu, zuia mbwa na watoto, na ripoti mara moja kwa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS. Kagua pia chini ya nguzo za umeme, kwa sababu tai anayetua huku mabawa yakigusa nyaya mbili hufa papo hapo. Piga picha ya nguzo na uandike mahali ilipo.

Ndege akipatikana na pete mguuni, soma herufi na namba zote, zipige picha, na uzipeleke kwa KWS au kitengo cha ndege cha Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Akiwa hai, pete isikatwe. Wengine hubeba mgongoni kisanduku kidogo chenye antena. Mwaka 2011, Saudi Arabia, tumbusi aliyekuwa na kifaa cha Chuo Kikuu cha Tel Aviv alikamatwa akishukiwa kuwa jasusi, kumbe ni cha kufuatilia safari zake tu. Waelezeni majirani mapema, hasa walio karibu na mpaka, ili akianguka mmoja hapa apate maji na kivuli, na habari zifike kwa waliomvalisha.

Ndege hawa hurudi kaskazini Machi na Aprili; wangoje kwenye kilima kilekile, kwa daftari lilelile. Wakati huo geuza mstari wako: mhesabu anayevuka kwenda kaskazini.