SOMO LA WIKI: Kura ya wafanyakazi peke yake haifungi hesabu ya mishahara

Mwekezaji akisoma kwamba wafanyakazi wa kampuni wameukubali mkataba mpya wa hali bora, huona gharama za mishahara zimeshajulikana. Nchini Australia, huko ni kufunga vitabu kabla ya wakati.

Kwa Sheria ya Fair Work ya mwaka 2009, mkataba hufikiwa pale wengi wa waliopiga kura wanapoukubali. Hata hivyo, hauanzi kufanya kazi mpaka uidhinishwe na Tume ya Fair Work. Tume hutazama hasa mambo mawili: kama wafanyakazi walikubali kwa hiari na kwa kuelewa, na kama hali ya kila mmoja itakuwa bora kwa jumla kuliko chini ya amri ya mishahara ya sekta yake.

Kipimo hicho cha pili ndicho kinachoangusha mikataba. Chukua mfano wa kubuni. Amri ya sekta inataka dola 25 kwa saa, na dola 37.50 siku ya Jumapili. Mkataba unatoa dola 27 kwa saa siku zote. Anayefanya saa 10 katikati ya juma hupata dola 270 badala ya 250. Lakini mwenzake, ambaye saa 6 kati ya hizo 10 ni za Jumapili, angepata dola 325 chini ya amri. Huyu anapoteza dola 55, hata kama wenzake wengi wanafaidika.

Jambo kama hilo liliikuta Coles, kampuni kubwa ya supamaketi. Mkataba wake uliidhinishwa mwaka 2015. Mfanyakazi mmoja akakata rufaa, na Mei 2016 jopo la Tume likaona kwamba baadhi ya wafanyakazi, hasa wa usiku na mwisho wa juma, wangepunjwa. Kampuni haikutoa ahadi za maandishi za kuziba pengo hilo. Idhini ikafutwa na mkataba wa mwaka 2011 ukarudi.

Tangu Juni 2023 Tume inaweza pia kurekebisha yenyewe kifungu chenye kasoro. Kwa hiyo mkataba unaweza kupita, lakini kwa gharama ambayo kampuni haikuipangia.

Idhini ina thamani yake kwa mwenye hisa. Mkataba huwekewa muda usiozidi miaka 4, na kabla muda huo haujaisha wafanyakazi hawawezi kugoma kihalali kudai mapya.

Basi, unapopima hisa za kampuni ya Australia yenye wafanyakazi wengi, uliza: Mkataba umeidhinishwa au umepigiwa kura tu? Kampuni imetoa ahadi gani kwa Tume? Muda wake unaisha lini? Jibu la swali la kwanza likiwa “kura tu”, weka akiba katika makadirio yako ya faida.