Usimwache mbwa langoni: Jinsi ya kumpatia makao mapya

Mwisho wa mwezi ni wakati wa malori kubeba vyombo katika mitaa yetu. Familia inahama nyumba yenye ua na kwenda kuishi orofa ya nne, ambako mwenye nyumba hataki wanyama. Vitanda vinapakiwa, makochi yanapakiwa, kuku wanatiwa ndani ya tenga. Anayebaki langoni ni mbwa.

Wengi hujifariji kwamba mbwa hakosi pa kwenda, atajitafutia. Ni kweli atajitafutia: kwenye majaa ya taka na nyuma ya vibanda vya nyama, aking'ang'ania mifupa na mbwa koko. Huko ndiko anakoweza kuumwa na mbwa mwenye kichaa. Na kwa vile amezoea watu, atarudi mtaani na kuwakaribia watoto bila woga.

Hapo jambo hili linakuwa la afya yako na ya jirani yako. Kichaa cha mbwa kilithibitishwa nchini Kenya kwa mara ya kwanza mwaka 1912, na hadi leo hakijatokomezwa. Shirika la Afya Duniani (WHO) linaeleza kwamba hadi asilimia 99 ya visa vya ugonjwa huu kwa binadamu hutokana na mbwa, na kwamba watu wanne kati ya kila 10 wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa ni watoto wa chini ya miaka 15. Dalili zikishajitokeza, mgonjwa karibu kila mara hufa.

Je, ni lazima umwondoe?

Jiulize kwanza swali hili, hasa ikiwa sababu ni ugonjwa. Mama mjamzito, kwa mfano, huambiwa na majirani amfukuze paka. Vijidudu vinavyohofiwa hutoka katika kinyesi cha paka, na huhitaji siku moja au zaidi kabla ya kuweza kuambukiza. Mtu mwingine akisafisha choo cha paka kila siku, na mama akinawa mikono na kupika nyama ikaiva, paka anaweza kubaki.

Kama mtoto ana pumu, mwulize daktari kabla hujaamua. Hata mnyama akiondoka, chembechembe zake hubaki katika mazulia na makochi kwa miezi kadhaa. Kwa hivyo usitarajie nafuu siku ya pili.

Anza na chanjo

Ukiona huna budi, anza mapema. Mpeleke mbwa kwa daktari wa mifugo angalau mwezi mmoja kabla ya kuhama, kwa sababu chanjo ya kwanza huhitaji wiki kadhaa ili kinga ijengeke mwilini. Mtoto wa mbwa huchanjwa akifikisha miezi mitatu, kisha chanjo hurudiwa kama daktari atakavyoagiza, kwa kawaida kila mwaka. Omba pia dawa ya minyoo, maana baadhi ya minyoo ya mbwa huwaingia watoto wanaocheza mchangani. Ukiweza, mhasi, au kama ni jike, afungwe uzazi. Ukimtoa jike mmoja leo bila kufanya hivyo, huenda mwenzako akatafuta makao ya watoto sita kesho.

Kama mbwa wako ameuma mtu, au yeye mwenyewe ameumwa na mbwa usiyemjua, usimpe mtu yeyote. Mfungie na umwarifu daktari wa mifugo mara moja. Mbwa mwenye afya aliyeuma mtu huchunguzwa kwa siku 10. Aliyeumwa huenda akahitaji kuangaliwa kwa miezi, kwani kichaa huchelewa kujitokeza.

Mchague mwenyeji

Anza na watu mnaojuana: jamaa, wafanyakazi wenzako, waumini wenzako, au jirani ambaye mbwa amemzoea. Mwulize daktari wa mifugo pia, kwani yeye hujua nani amefiwa na mbwa wake. Kisha uliza bila haya: Je, ua una lango linalofungika? Je, kuna watoto wadogo? Mbwa atalala wapi, na atakula nini kila siku? Nani atalipia chanjo? Anayetaka mbwa wa kufungwa mnyororo usiku na mchana hakufai, kwani mbwa wa namna hiyo huwa mkali na ndiye huuma watoto.

Nawe useme ukweli. Kama mbwa hufukuza baiskeli au hapatani na paka, sema. Ukificha, atarudishwa au atatupwa, na kazi yako itakuwa bure.

Siku ya kumkabidhi

Mpeleke wewe mwenyewe, ukaone atakapoishi. Kabidhi kadi ya chanjo, bakuli lake na kitambaa alichozoea kulalia. Mwombe mwenyeji amfungie ndani ya ua kwa wiki mbili hivi, maana mbwa mgeni hutoroka akitafuta kwao na kugongwa na magari. Piga simu baada ya wiki moja ujue hali yake. Na watoto wako waeleze ukweli. Usiwaambie kwamba ametoroka.

Ukikosa mtu wa kumchukua, wasiliana na shirika la kutunza wanyama kama vile KSPCA jijini Nairobi. Piga simu kwanza, maana nafasi huwa chache. Kama mbwa ni mzee sana au mgonjwa asiyepona, daktari wa mifugo anaweza kumdunga sindano afe bila maumivu. Usitumie sumu. Sumu humtesa mnyama, na mtoto wa jirani anaweza kuiokota.

Na mtu yeyote akiumwa na mbwa, awe mbwa wa nyumbani au koko, osha jeraha kwa sabuni na maji mengi yanayotiririka kwa dakika 15, kisha mfikishe hospitalini siku hiyo hiyo apate chanjo. Usingoje kuona kama mbwa atakufa, na usipake jeraha pilipili wala mafuta ya taa.