Uzi Wenye Manyoya, Uzi Wenye Vifundo: Maswali ya Wafumaji

Baridi ya Juni ikianza kuuma Limuru, Njombe na Lushoto, sindano hutolewa makabatini na maswali huanza kumiminika. Safari hii mengi hayahusu akriliki ya masweta ya shule. Watu wamepata nyuzi za ajabu: zenye manyoya, zenye vifundo, za mbuzi, za sungura. Nyingine wameletewa na ndugu walio Ulaya, nyingine wamezifumua kutoka kwenye mitumba. Nimechagua maswali yanayorudi mara kwa mara.

Mwalimu, shangazi aliniletea uzi wenye manyoya marefu. Nikafuma skafu ya misuko, tena kwa uangalifu, na misuko haionekani hata kidogo. Nimekosea wapi?

Mkono wako hauna kosa, mwanangu. Uliowaoza ndio hawapatani. Uzi huo una kiini chembamba, na kwenye kiini hicho vinyweleo, mara nyingi vya poliesta, vinachomoza hatua kwa hatua. Ukishafumwa, vinyweleo hulala juu ya vitanzi na kuvifunika. Misuko, matundu ya mapambo, mistari ya kupanda, vyote vinazama humo. Uzi ukiwa na mbwembwe, mtindo unapaswa kunyamaza. Fuma kitanzi kile kile cha kawaida kila mstari, kwenda na kurudi, kwa sindano nene kidogo ya milimita 5.5 au 6.

Kwa kuwa vitanzi huvioni, vihesabu kwa vidole mwisho wa kila mstari. Kilichodondoka usipokigundua mapema, utakuja kukikuta skafu imeshafika magotini. Wafumaji wengi huushika uzi huo pamoja na uzi mwingine laini wa rangi inayokaribiana, wakafuma zote mbili kwa mpigo. Ule laini unaonyesha sindano iingie wapi, wenye manyoya unabaki na kazi ya urembo.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 skafu hizi zilikuwa mtindo mkubwa Marekani, na uzi wa kampuni ya Lion Brand, ulioitwa Fun Fur, ulipata umaarufu wake. Kwangu mimi mahali pake ni kwenye ukosi, ncha za mikono na kofia ya mtoto. Sweta zima la manyoya hayo sikushauri. Linamnenepesha hata mwembamba.

Uzi wangu una vitanzi vidogovidogo vilivyojikunja, na sindano inanasa kila mahali. Ni uzi mbovu?

Si mbovu. Huo ni bukle, na ukishajua ulivyotengenezwa hautakusumbua tena. Kata kipande cha sentimita ishirini hivi, shika ncha zote mbili, kisha ufungue msokoto taratibu. Ndani utakuta nyuzi tatu. Wa kwanza umenyooka: huo ndio kiini. Wa pili ni mrefu kuliko kiini, kwa sababu mashine iliupeleka kwa kasi zaidi, na urefu uliozidi haukuwa na pa kwenda ila kujikunja. Wa tatu ni mwembamba, umezungushwa kwa mwelekeo wa kinyume ili kuvibana vile vitanzi visiteleze.

Sindano yako inanasa kwa sababu ncha yake inaingia kwenye vitanzi vya uzi badala ya vitanzi vya kufuma. Tafuta sindano yenye ncha butu kidogo, na ulegeze mkono. Ukimaliza kipande, kigeuze ukitazame upande wa nyuma. Mara nyingi vifundo hujitokeza vizuri zaidi huko, na wengine huufanya huo ndio uso wa nguo.

Moheri ile yenye ukungu wa vinyweleo nayo huzaliwa hivyo hivyo. Hutengenezwa kwanza kama bukle, kisha vitanzi vyake hupigwa brashi ya kiwandani mpaka vinafunguka na kusimama. Ndiyo maana ndani ya uzi wa moheri utakuta kiini cha hariri au nailoni. Kiini ndicho kinachobeba nguo, vinyweleo vinajaza hewa tu.

Lebo moja imeandikwa moheri, nyingine angora. Ni mnyama mmoja?

Ni wawili, na wauzaji wenyewe huchanganya. Moheri ni manyoya ya mbuzi wa Angora. Sufu iitwayo angora hutoka kwa sungura wa Angora, ni laini mno, ina joto kali, na hunyonyoka kila ikiguswa. Asiyetaka vinyweleo kwenye koti lake jeusi aiache.

Huyo mbuzi ametulia barani kwetu zamani. Alifika Afrika Kusini mwaka 1838 akitoka Uturuki. Husimuliwa kwamba madume waliosafirishwa walikuwa wamehasiwa makusudi ili siri ya moheri isitoke, lakini jike mmoja alikuwa na mimba, akazaa dume. Leo Afrika Kusini ndiyo inayoongoza duniani kwa moheri, hasa kutoka Rasi ya Mashariki na nyika za Karoo, na Lesotho jirani yake nayo imo miongoni mwa wazalishaji wakubwa. Manyoya ya mbuzi huyu hukua karibu sentimita 2.5 kwa mwezi, hivyo hukatwa mara mbili kwa mwaka. Ya mwanambuzi ndiyo laini kuliko yote. Mnyama anavyozidi kukua, unywele unanenepa na kuanza kuwasha. Kwa hiyo cha kuvaliwa shingoni kifume kwa moheri ya mwanambuzi, ya mkubwa iache kwa makoti na mablanketi.

Jambo moja la kuangalia dukani: usinunue moheri kwa uzito, nunua kwa mita. Kibonge cha Kidsilk Haze ya kampuni ya Rowan ya Uingereza kina gramu 25 tu, lakini urefu wake ni mita 210. Ukikiweka mkononi utadhani umeibiwa. Kifume kwa sindano nene kuliko unavyodhani, hata milimita 5, na nafasi zitakazobaki wazi zitajazwa na vinyweleo.

Nimekosea mistari sita ya moheri na haifumuki. Nifanyeje?

Usivute! Kila ukivuta, vinyweleo vinashikana zaidi. Weka kazi yote kwenye mfuko wa plastiki, uitie kwenye friza saa kadhaa, kisha ifumue ikiwa bado baridi, kitanzi baada ya kitanzi, na mkasi mdogo wa kukatia unyweleo ulionasa. Siku nyingine, kabla hujaingia sehemu ngumu, pitisha uzi laini wa pamba ndani ya vitanzi vyote vya mstari mmoja na uuache hapo. Ukikosea utafumua mpaka kwenye pamba hiyo, na vitanzi vitakungoja vikiwa salama.

Mama, nyuzi hizi ni ghali kwetu. Hakuna njia nyingine?

Ipo, na iko Gikomba, Karume na Memorial ya Moshi. Kwenye rundo la masweta ya mtumba hukosi la sufu halisi, na ukibahatika utaopoa la kashmiri lenye tundu moja la nondo. Kashmiri ni manyoya ya ndani ya mbuzi wa nchi za baridi kama Mongolia na China, yanayochanwa majira ya kuchipua. Mbuzi mmoja hutoa gramu 150 hadi 200 hivi kwa mwaka yakishasafishwa, kwa hiyo sweta moja linahitaji mbuzi kadhaa. Mchuuzi anatazama tundu, wewe tazama lebo.

Lakini kabla hujatoa pesa, geuza sweta ndani nje uangalie mshono wa ubavuni. Ukiona ukingo umekatwa na kupigwa ovaloki, rudisha ulipolitoa. Hilo lilikatwa kwa mkasi kutoka kwenye kitambaa kipana, na ukilifumua utapata vipande vifupi, kimoja kwa kila mstari. Ukiona ukingo una vitanzi kamili, umeunganishwa kwa mnyororo mwembamba wa uzi unaovutika, hilo ndilo. Vipande vyake vilifumwa kwa umbo lake tangu mashineni, na uzi utatoka mrefu. Kisha livute kidogo kwa mikono miwili. Kama limekuwa gumu na vitanzi havitenganishiki, lilishafuliwa kwa maji ya moto, limegandamana, halifumuki tena. Litafaa kwa malapa ya ndani.

Nyumbani fungua kwanza mishono, kisha anza kufumua kutoka shingoni, pale ufumaji ulipomalizikia. Zungushia uzi kwenye mgongo wa kiti, ufunge sehemu nne kwa vipande vya pamba usije ukajitatiza, uuloweke kwenye maji ya uvuguvugu yenye shampuu kidogo. Uanike kivulini, ukining'iniza kitu chepesi chini ili mikunjo inyooke. Uzi wa sweta la mashine ni mwembamba, kwa hiyo shika nyuzi tatu au nne kwa pamoja. Na hapo ndipo raha ilipo: kashmiri mbili na moheri moja kwa mpigo, na una uzi usiopatikana duka lolote.

Kama lebo imekatwa, nitajuaje ni sufu?

Choma kipande kifupi juu ya sahani, ukikishika kwa kibanio. Sufu, moheri na kashmiri hunuka nywele zilizoungua, moto hauenei, na jivu husagika kwa vidole. Akriliki huyeyuka, hutoa moshi mweusi, na huacha kidonge kigumu. Mchanganyiko wa zote mbili hukupa dalili zote mbili.

Nimefuma kwa shenili, na baada ya kuvaa mara chache vitanzi virefu vimeanza kuchomoza.

Ni tabia yake. Shenili ni vinyweleo vifupi vilivyobanwa kati ya nyuzi mbili zilizosokotwa, na msokoto huo haujawahi kutulia. Ukifuma kwa mkono legevu, uzi hutafuta nafasi na kujitokeza nje. Tumia sindano ndogo, kaza mkono. Ukiweza, acha sindano mbili kabisa utumie kroshia, ambayo hubana zaidi.

Sweta langu la alpaka lilinitosha vizuri. Sasa linafika mapajani.

Alpaka, mnyama wa milima ya Peru na Bolivia, ana manyoya laini yenye joto, lakini hayana ule mkunjo wa sufu ya kondoo unaorudisha nguo mahali pake. Tena ni mazito. Uzito unavuta, hakuna kinachorudisha. Safari ijayo changanya na sufu ya kondoo, fuma vipande vyenye mshono badala ya bomba moja, na kipande chako cha majaribio ukishakilowesha kitundike na vibanio vya nguo chini yake, uone kitakavyorefuka. Na usilitundike sweta kwenye henga. Likunje.

Sufu ya kufuliwa kwa mashine ni sufu kweli?

Ni sufu. Kila unywele wa kondoo una magamba madogo, na maji ya moto, sabuni na msuguano huyafanya yashikane. Hapo nguo hurudi na kuwa ngumu. Kiwandani magamba hayo hupunguzwa kwa klorini, kisha unywele hupakwa utando mwembamba wa utomvu wa kikemikali. Sweta lake likilowa hunyooka sana, kwa hiyo usishtuke. Ila ukitaka kofia au malapa ya sufu iliyogandamana, uzi huo hautakubali kabisa.

Nimeona mablanketi ya uzi mnene kama mkono. Nifume?

Mengi ni sufu ya merino ambayo haikusokotwa. Kisichosokotwa hakina kinachoshikilia vinyweleo, kwa hiyo mwezi wa kwanza litapendeza, wa pili litaota vipira, na baada ya hapo utakuwa unaokota sufu chini ya kochi. Kama umeshanunua, loweka uzi huo kwenye maji ya moto yenye sabuni kidogo, uuviringishe kati ya viganja ukiuvuta kidogo kidogo mpaka uso wake ukaze, uukaushe, ndipo ufume. Ni kazi ya jioni kadhaa. Kama hujanunua, tafuta ule wa bomba la pamba lililojazwa ndani, ni wa bei nafuu na unafulika.