Ngozi Kulegea Baada ya Upasuaji wa Kupunguza Uzito: Mambo ya Kufanya Mapema

Upasuaji wa kupunguza uzito hufanywa katika hospitali chache humu nchini, nyingi zikiwa Nairobi, na baadhi ya Wakenya huufuata India. Mgonjwa hulazwa siku chache tu. Baada ya hapo hurudi nyumbani, kwetu hapa kaunti, na ni huku anakopitia mwaka mzima au zaidi wa mwili kubadilika. Kilo hushuka, presha na sukari mara nyingi hutulia, magoti hupata nafuu. Halafu jambo ambalo wengi hawakuelezwa vizuri huanza kuonekana: ngozi ya tumbo, mikono, mapaja na kifua inabaki ikining'inia.

Suala la uzito si la watu wachache. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015 kuhusu magonjwa yasiyoambukiza ulionyesha kuwa asilimia 27 ya Wakenya watu wazima walikuwa na uzito uliopita kiasi au unene wa kupindukia, na wanawake walikuwa zaidi ya maradufu ya wanaume. Ni sehemu ndogo tu ya hao wanaohitaji kupasuliwa. Hata hivyo, mengi katika somo hili yanamfaa pia mkazi aliyepunguza kilo nyingi kwa lishe na mazoezi, kwa kuwa ngozi haiulizi kilo zimeondoka kwa njia gani.

Tuseme ukweli kwanza. Hakuna chakula, mafuta ya kupaka wala zoezi linaloweza kuzuia kabisa ngozi kulegea iwapo mtu amepoteza kilo nyingi. Kinachowezekana ni kupunguza kiasi cha kulegea na kuzuia vidonda kwenye mikunjo, na pia kuufikisha mwili mahali ambapo, ukihitaji upasuaji wa pili wa kuondoa ngozi, utaponea vizuri.

Kwa nini ngozi hairudi

Chini ya ngozi tunayoigusa kuna tabaka lenye nyuzi za aina mbili. Kolajeni huipa ngozi nguvu, elastini huifanya ivutike na kurudi. Fikiria mpira wa kiunoni wa sketi. Ukiuvuta na kuuachilia unarudi. Ukikaa umevutwa miaka kumi na mitano unalegea, na hata kiuno kikipungua, haukazi tena.

Upasuaji ulio maarufu zaidi ni ule wa kukata na kuondoa sehemu kubwa ya mfuko wa tumbo, kama robo tatu au zaidi. Mwingine hutengeneza kifuko kidogo na kukiunganisha moja kwa moja na utumbo mdogo. Kwa njia zote mbili, mtu mara nyingi hupoteza kati ya robo na theluthi ya uzito wake katika mwaka mmoja hadi mwaka na nusu. Mwenye kilo 120 anaweza kushuka kwa kilo 30 hadi 40. Mafuta yaliyokuwa yameijaza ngozi yameondoka, lakini nyuzi zilizokatika hazijaunganika upya.

Umri, urithi, idadi ya mimba alizobeba mama, miaka aliyokaa na uzito huo na kilo alizopoteza, hayo huwezi kuyabadilisha. Yaliyo mikononi mwako ni sigara, jua, chakula, misuli na usafi wa mikunjo.

Anza kabla ya kupasuliwa

Sigara ndiyo ya kwanza. Moshi wake huharibu kolajeni na kubana mishipa midogo inayopeleka damu kwenye ngozi, na kidonda cha mvutaji hupona polepole. Madaktari wengi humtaka mgonjwa aache angalau wiki sita kabla ya upasuaji na asirudie tena. Shisha iko kwenye kundi hilohilo, licha ya kwamba ilipigwa marufuku nchini Desemba 2017.

Muulize daktari wako mapema kuhusu ngozi. Muulize atarajie nini kwa umri wako na uzito wako. Wapo wanaoogopa kuonekana wanajali urembo ilhali wanatibiwa ugonjwa. Si swali la urembo tu. Mkunjo mkubwa wa tumbo unaweza kumzuia mtu kutembea, kulala vizuri na kujisafisha.

Protini kwanza

Hapa ndipo penye kazi kubwa. Baada ya upasuaji tumbo linapokea chakula kidogo mno, pengine vijiko vichache kwa wakati. Mwili usipopata protini ya kutosha hula misuli yake wenyewe, na kolajeni mpya haitengenezwi vizuri. Misuli ikiisha, ngozi inalegea zaidi kwa sababu hata kile kilichokuwa kinaishikilia chini kimeondoka.

Lengo la kawaida ni gramu 60 hadi 80 za protini kwa siku, isipokuwa kama mtaalamu wako wa lishe amekupa kiasi kingine. Mwenye figo zenye shida asijipangie mwenyewe. Gramu hizo si gramu za chakula. Ni za protini iliyo ndani ya chakula. Yai moja lina kama gramu 6. Glasi ya maziwa au maziwa lala ina kama 8. Kipande cha samaki aliyepikwa cha gramu 100 kinakaribia 20 au kuzidi kidogo. Nusu kikombe cha maharagwe au ndengu zilizoiva kina 7 au 8. Kwa hiyo mayai mawili, glasi mbili za maziwa lala, kipande hicho cha samaki, nusu kikombe cha ndengu na kipande kidogo cha kuku, vikigawanywa katika milo mitano au sita midogo, vinakufikisha karibu gramu 70. Hakuna kitu hapo kisichopatikana sokoni kwetu. Omena ni protini ya bei nafuu kuliko unga wowote wa kopo, na ukizisaga zinaingia kwenye uji au mchuzi hata kwa mtu ambaye bado anakula chakula kilichopondwa.

Kanuni ni kuanza na protini kwenye sahani, kisha mboga, halafu ugali au wali ukibaki na nafasi. Najua hii inaenda kinyume na meza zetu, ambako ugali ndio chakula na vingine ni kitoweo. Mama mkwe anaweza kuona umekataa chakula chake. Mweleze mapema, kwa heshima, kwamba daktari ameagiza hivyo.

Katika wiki za kwanza fuata hatua ulizopewa hospitalini: vinywaji, kisha vyakula laini, kisha vya kawaida. Kuruka hatua kunaweza kufungua mshono wa ndani.

Vidonge vya virutubishi si vya miezi miwili mitatu. Madini ya chuma, vitamini B12, vitamini D na kalsiamu huhitajika kwa muda mrefu, na kwa wengi ni maisha yote, kwa kuwa tumbo jipya halivinyonyi kama zamani. Ngozi na vidonda vinahitaji pia zinki na vitamini C. Mapera, machungwa na mapapai yatakusaidia upande wa vitamini C mara tu utakaporuhusiwa kula matunda. Nywele zikianza kukatika mwezi wa tatu au wa nne usishtuke sana. Hutokea mara nyingi na kwa kawaida huota tena, lakini mwambie mhudumu apime damu.

Maji nayo yanywe kidogo kidogo kutwa nzima, kama lita moja na nusu au zaidi, na si pamoja na chakula. Subiri nusu saa baada ya kula. Soda iache.

Mazoezi, na jerikeni

Kutembea huanza hospitalini, mara nyingi siku hiyohiyo au kesho yake. Kubeba vitu vizito ni jambo jingine. Jerikeni ya lita 20 ina kilo 20, na kwa kawaida mgonjwa hukatazwa kuinua uzito kama huo kwa wiki kama sita. Katika nyumba nyingi ni yeye mwenyewe anayechota maji, kwa hivyo jambo hili lipangwe na familia kabla ya tarehe ya upasuaji, si baada ya mgonjwa kurudi na kukuta mapipa hayana kitu.

Daktari akiruhusu, ongeza mazoezi ya nguvu mara mbili kwa wiki juu ya kutembea kwa haraka kwa jumla ya dakika 150. Huhitaji jimu. Kaa kwenye kiti na uinuke bila kutumia mikono, mara kumi, upumzike, urudie. Simama mbele ya ukuta, uweke viganja, ujisukume. Chupa mbili za lita moja zilizojazwa maji zinatosha kuinulia mikono. Misuli ya mapaja, makalio na mikono ikinenepa hujaza sehemu ya nafasi iliyoachwa na mafuta. Tumboni matokeo ni madogo, na usimwamini anayekuambia kuwa kuinuka na kulala mara mia kwa siku kutaivuta ngozi ya tumbo.

Mafuta ya kupaka na nguo za kubana

Mafuta ya kawaida, ya nazi au ya kopo, hulainisha ngozi na kupunguza mwasho. Hiyo ndiyo kazi yake. Krimu zinazouzwa mitandaoni kwa ahadi ya kukaza ngozi ndani ya wiki kadhaa haziwezi kuondoa mkunjo, kwa sababu haziziundi upya nyuzi zilizokatika. Zile za kung'arisha ngozi ni hatari zaidi. Zenye steroidi huifanya ngozi kuwa nyembamba na kuchanika kwa urahisi, na zile zenye zebaki au hidrokwinoni zimepigwa marufuku Kenya kwa vipodozi tangu 1998. Bado zinauzwa, tunaziona madukani.

Nguo za kubana huishikilia ngozi isisuguane na humwezesha mtu kutembea bila maumivu. Hazikazi ngozi. Ikikuachia alama za kina au kukufanya upumue kwa shida, imebana kupita kiasi.

Ndani ya mikunjo

Jasho na joto chini ya mkunjo huleta fangasi na vidonda. Osha kila siku kwa maji na sabuni isiyo kali, kausha kwa kugusagusa na taulo safi bila kusugua, kisha weka kitambaa safi cha pamba katikati na ukibadilishe kikilowa. Kwenye ngozi nyeusi huenda usione wekundu unaotajwa vitabuni. Utaona rangi imekolea au ngozi imelainika na kung'aa, utasikia mwasho au harufu. Nenda kituo cha afya. Ukiwa na homa, au eneo likawa la moto, likavimba na maumivu yakaenea, nenda siku hiyohiyo, hasa kama una kisukari. Omba kila ziara iandikwe kwenye kitabu chako, kwa maana rekodi hizo humsaidia daktari baadaye kuonyesha kwamba kuondoa ngozi ni matibabu.

Kuna jeraha lingine lisiloonekana. Kwetu mtu akipungua haraka, minong'ono huanza: ana ukimwi, amerogwa, biashara imeanguka. Wapo wanaojificha nyumbani kwa sababu hiyo na kuacha hata kliniki. Jirani, kama huna la kumsaidia, usimuulize anaumwa nini.

Upasuaji wa kuondoa ngozi

Usikimbilie. Madaktari kwa kawaida husubiri miezi 12 hadi 18 baada ya upasuaji wa kwanza, na uzito uwe umetulia kwa miezi mitatu hadi sita. Ukiondolewa ngozi kisha ukapungua kilo nyingine nyingi, italegea upya. Damu na protini mwilini lazima viwe sawa, na sigara iwe imeachwa. Upasuaji wenyewe huacha kovu refu, mara nyingi kutoka nyonga hadi nyonga, na hatari zake ni kuvuja damu, majimaji kukusanyika, mshono kufunguka na damu kuganda mguuni kisha kwenda kwenye mapafu.

Mwaka 2024 kliniki moja ya Nairobi ilifungwa na Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno, KMPDC, baada ya mwanamke kufariki kufuatia upasuaji wa kunyonya mafuta. Kabla ya kulipa hata shilingi moja, tafuta jina la daktari na la kituo kwenye sajili ya KMPDC, ambayo iko wazi kwenye tovuti yake, na uulize kama kituo kina chumba cha wagonjwa mahututi au kina mpango wa kukuhamisha. Uliza SHA mapema ni nini kitalipwa; upasuaji unaohesabiwa kuwa wa urembo utalipa mwenyewe.

Akina mama walio katika umri wa kuzaa washauriwe kuhusu uzazi wa mpango kabla ya kupasuliwa. Mimba inapaswa kusubiri miezi 12 hadi 18, kwa usalama wa mtoto na mama. Uzito ukishuka uwezo wa kushika mimba huongezeka, na baada ya baadhi ya upasuaji huu vidonge vya kumeza vya kupanga uzazi huenda visinyonywe vizuri. Sindano, kipandikizi au koili ni salama zaidi kutegemewa. Anayetaka watoto zaidi ni afadhali awazae kwanza kabla ya kuondoa ngozi ya tumbo.

Kwa ufuatiliaji, anza na mhudumu wa lishe katika hospitali ya kaunti ndogo iliyo karibu nawe. Mhamasishaji wa afya ya jamii anaweza kukupima uzito, presha na sukari nyumbani na kukuelekeza. Beba barua ya kutoka hospitalini inayotaja aina ya upasuaji uliofanyiwa, tarehe yake na dawa unazotumia. Ionyeshe hata ukienda kutibiwa mgongo au jino, kwa kuwa mhudumu asiyejua anaweza kukuandikia ibuprofeni au diklofenaki, dawa za maumivu zinazoweza kuleta vidonda kwenye tumbo lililopasuliwa.