Mwaka wa Kwanza wa Mtoto: Somo kwa Wazazi na Wadhamini

Someni: 1 Samweli 2:18-21, Luka 2:40-52, Yohana 9:1-7

Hana alimwacha Samweli kwa kuhani Eli kule Shilo, na kila mwaka alipopanda kwenda kutoa dhabihu alimchukulia kanzu ndogo. Mama huyu alimwona mwanawe mara moja tu kwa mwaka, na bado ilimpasa kujua amefikia kimo gani, la sivyo kanzu isingemtosha. Sisi tunakaa na watoto wetu usiku na mchana. Lakini mwuguzi akituuliza, "Alianza lini kukaa?" wengi wetu hutazamana.

Ndugu msomaji, si lazima uwe na elimu ya uganga ili kumtazama mtoto. Shikeni siku za chanjo, maana siku hizo mtoto hupelekwa kliniki kwa vyovyote, na katika kila safari kuna jambo la kuangalia.

Katika juma la 6 mtangalie usoni. Mtoto wa umri huo huanza kutabasamu anapotabasamiwa, na macho yake hufuata uso wa mama ukisogea. Asipotabasamu hata afikishapo miezi 3, semeni kliniki. Tazameni pia mboni ya jicho. Ikiwa ndani yake mna weupe, au inang'aa kama jicho la paka gizani, msingoje siku ya kliniki. Huenda ni mtoto wa jicho, huenda ni saratani ya jicho, na yote mawili yanataka hospitali upesi.

Katika juma la 14 tazameni shingo. Kichwa kimeanza kukaza, mikono imefunguka, naye anajibu sauti ya mama kwa sauti zake. Alazwe chali anapolala. Lakini akiwa macho mwekeni kifudifudi juu ya mkeka, mkiwa karibu naye, ajifunze kuinua kichwa. Afikapo miezi 4 na kichwa kingali kinaanguka, au mwili umelegea kama kitambaa, au umekakamaa hata ni shida kumvika nguo, apelekwe.

Sasa tunafika mahali ambapo watoto wengi wameumizwa na watu wanaowapenda. Kati ya mwezi wa 4 na wa 7 mtoto hugeuka, hushika, na kila akishikacho hukipeleka kinywani: mwiko, ufunguo, pindo la khanga. Hiyo si tabia mbaya, ndivyo anavyoijua dunia. Lakini uchafu nao huingia. Wakati uo huo kinga aliyoipata kwa mama tumboni imepungua, na baada ya miezi 6 ya maziwa ya mama peke yake anaanza uji. Basi huharisha, hupata homa, hutoka mate. Mama akifungua kinywa anaona vivimbe vyeupe katika ufizi, mahali pa chonge.

Tangu miaka ya 1980 imeenea katika sehemu nyingi za Tanzania imani kwamba vivimbe hivyo ni "meno ya plastiki", au "meno ya nailoni", nayo ndiyo yanayomwua mtoto. Hupelekwa kwa mtu wa kuyang'oa kwa chombo chenye ncha, pasipo ganzi. Akina mama, hakuna meno ya plastiki. Vile ni vijino vya utotoni vinavyongoja saa yake. Chonge hutoka karibu na mwezi wa 16 hadi wa 20. Anayevitoa huacha jeraha linaloingiza wadudu katika damu, na anaweza kuharibu hata jino la ukubwani lililo chini. Na kuharisha hakukomi, kwa kuwa hakukutoka kwenye ufizi. Mtoto huyo alihitaji kuendelea kunyonya, dawa ya chumvi na sukari ya pakiti iliyokorogwa katika maji safi, vidonge vya zinki na zahanati. Siku iliyopotea kwa mng'oaji ndiyo siku maji yanayomwishia mwilini.

Katika mwezi wa 9, siku ya chanjo ya surua, mtoto akae peke yake bila kushikwa. Hapa wazazi hushindana sana, hata kwenye mabenchi ya kanisa: wangu ametambaa, wako je? Mwaka 2006 Shirika la Afya Duniani lilitangaza matokeo ya kuwafuatia watoto 816 wenye afya katika Ghana, India, Norway, Oman na Marekani. Wa mapema walikaa wenyewe kabla ya miezi 4 na wa mwisho baada ya miezi 9. Kutembea peke yake kulianzia miezi 8, kukaendelea hadi miezi 17 na zaidi. Wapatao 4 katika kila 100 hawakutambaa kwa mikono na magoti kamwe, nao walitembea. Basi mama wa mtoto wa miezi 13 asiyetembea asisemwe. Na mtoto njiti ahesabiwe tangu siku aliyotazamiwa kuzaliwa: aliyetangulia miezi 2, akiwa na miezi 9 atazamwe kama wa 7.

Masikio husahauliwa zaidi. Mtoto kiziwi hulia, hucheka na hata kutoa sauti katika miezi ya kwanza, kwa hiyo nyumba nzima hudanganyika. Mpimeni akiwa ametulia: mtu asimame nyuma yake asikoweza kuona, agonge kijiko kwenye kifuniko cha sufuria. Msipige makofi karibu naye, kwa maana atasikia upepo. Miezi 9 bila kugeukia sauti, bila "ba-ba-ba" wala "ma-ma-ma", ni jambo la kupeleka kliniki.

Vilevile mtoto anayetumia mkono mmoja tu kabla ya mwaka, anayepoteza alichokwisha kukiweza, au ambaye kichwa kinakua upesi kupita kiasi. Watoto wa namna hii ndio wanaofichwa chumba cha nyuma, huku jamaa wakitafuta nani amemroga, au mama alikosa nini. Wanafunzi walimwuliza Bwana swali hilo hilo, naye alilikataa. Kichwa kilichojaa maji huweza kupasuliwa maji yakapata njia. Utindio wa ubongo hauponi, lakini mtoto akianza mazoezi mapema hujifunza mengi ambayo baadaye ni magumu.

Wadhamini, hamkualikwa kula pilau tu. Siku mnapomtembelea mtoto, ombeni kadi yake ya kliniki, muisome pamoja na baba yake.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi:
1. Katika mtaa wetu, nani humshauri mama kwanza mtoto anapoharisha? Tutazungumzaje naye?
2. Je, kuna mtoto ambaye hatujamwona kanisani tangu abatizwe? Nani atakwenda, na lini?